Mrusi Aliyesema Shum

Kwenye kibaraza cha Ghanim, mjini Matrah, Omani, sharti lilikuwa moja tu: jina la Sleyum halitajwi. Kusengenya ruhusa, na uongo ndio hasa uliowakalisha watu pale. Lakini Sleyum, mdogo wake Ghanim, alipanda chombo cha mashine Mombasa mwaka uliopita, mwaka wa sitini na nane, kuwafuata huku Omani wenziwe waliokimbia Unguja, na chombo hakikufika popote. Mama yao, Bi Masouda, aliambiwa mwanawe yuko Mombasa bado, anangoja ruhusa ya kuingia Maskati. Zama hizo mtu aliweza kuota mvi akingoja ruhusa, basi bibi wa watu akaamini, au ndivyo Ghanim alivyodhani. Kila alasiri bibi alikaa nyuma ya dirisha la mbao, juu ya vichwa vyao, akiwateremshia dele la kahawa.

Siku hiyo Marhoon, waliyembandika jina la Manowari, alikuwa amerudi kutoka Aden na habari za kuwatoa watu macho. Alipeleka vitunguu kwenye manowari ya Kirusi, ile inayozama na kuibuka, na mpishi akamruhusu kuteremka ndani.

— Mna kijichumba mfano wa kabati, alisema. Mna kioo cha duara, na uzi wa taa ya kijani unazunguka ndani kama mshale wa saa. Mbele yake kakaa Mrusi, kaziba masikio kwa vikombe vya chuma.

— Vya nini?

— Baridi, yakhe. Kwao barafu. Masikio yameshazoea kufunikwa. Basi kaniona, kagonga kioo, kanionesha baharini, kanambia: Shum.

Kiarabu wote walikijua. Shum, nusa. Marhoon alisema kwamba yeye, kwa adabu za mgeni, aliinama akakinusa kile kioo. Alipata harufu ya dizeli na kabichi, na Mrusi akacheka mpaka akashika mbavu.

Hapo Bakhit, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, akapokea. Kama Warusi wana mashine ya kunusa bahari, alisema, basi pwani yote, toka Bustan mpaka Qurayyat, hakuna aliyesalimika. Wanajua nani kapika papa na nani kalala na njaa.

— Na sie tuliotoka Unguja ndio kabisa. Karafuu haitutoki mwilini. Wanatujua mmoja mmoja. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali ile ilikuwa inatafuta nini pale, hakuna aliyeuliza. Marhoon akaongeza kuwa ndiyo maana dagaa wamekimbia mwaka huu: wamenuswa mpaka wameona haya. Ghanim alicheka hadi machozi, na moyo wake ukapata nafasi kidogo.

Pembeni alikaa Mahfoudh. Ni mpwa wa jirani, amewasili wiki ile tu kutoka Odessa, kwa Warusi, alikopelekwa na serikali ya Unguja kusomea umeme, akatoroka.

— Niwieni radhi, alisema. Shum hapo si Kiarabu. Kwa Kirusi ni kelele.

— Kelele gani?

— Sauti ya chombo. Mashine ile hainusi, inasikiliza. Vile vikombe ndivyo anavyosikilizia. Chombo kikipita huko mbali, mashine yake anaisikia, na kwenye kioo hutokea alama.

Akaeleza kwamba kazi ya mtu yule ni kukaa kimya chini ya maji na kumsikiliza anayepita. Chombo kikizima mashine, hilo nalo analijua.

Mwaka mzima Ghanim alikuwa akijifariji kwamba bahari ni kiziwi, yaliyotokea kule hakuna ajuaye ila Mungu. Akaiweka finjani chini, na sharti aliloliweka mwenyewe akalisahau.

— Basi yuko mtu aliyemsikia Sleyum. Yuko mtu kasikia mashine yake ikizima, akakaa kitako.

Marhoon alimkanyaga mguu. Bakhit akakohoa kwa nguvu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Wote wakainua macho dirishani, na dirisha likafunguka kidogo.

— Ghanim, mwanangu, alisema Bi Masouda, taratibu kabisa. Mie nnakaa hapa, nnasikia kila kitu tangu mwaka jana. Niulizie huyo kijana. Mashine wanaisikia, haya. Na mtu akiita majini?

Kisha akateremsha dele. Ghanim akanyoosha mkono kulipokea, kama kawaida yake, na lilipomfikia lilikuwa tupu.