Nestor Odongo na Miti Yake ya Mapipa

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kumsalimu mtu, marehemu Nestor Odongo alizunguka uani akigonga makopo na mapipa yake ya miti kwa kifundo cha kidole. Kopo likilia kavu, alilitilia bakuli moja la maji. Likilia zito, alilipita. Hakuacha hata asubuhi ya harusi yake.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1958 huko Amukura, Busia, kifungua mimba katika watoto watano. Mimi ninayewasomea wasifu huu, Keziah, ndiye kitinda mimba. Alisomea shule za nyumbani, na mwaka 1981 akapata cheti cha misitu Londiani. Karo yangu ya chuo cha ualimu aliilipa yeye.

Mwaka 1983 serikali ilimleta Lodwar, na kuanzia 1993 alihudumu pia Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Kazini alitoa miche ya kivuli, lakini moyo wake ulikuwa kwa miti ya jangwani inayojiwekea maji shinani. Alikata kipande, akakiacha kivulini wiki mbili mpaka kidonda kikauke, ndipo akakipanda. Bwana Bior, mwenye duka kambini, alimcheka: "Mzee, hii si mti, ni fimbo. Nani atanunua fimbo?"

"Fimbo hii ukiisahau mwezi mzima, Bior, haikununii. Mke wako je?"

Bior alichukua mbili. Leo zimepita paa la duka.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Atabo, hapa Lodwar. Mungu akawajalia binti mmoja, Natasha.

Mti aliouenzi kuliko yote ulikuwa ule wa maziwa, unaotoa utomvu mweupe, wenye mikono kama kinara, alioutoa Lorugum mwaka 1994 ukiwa kipande cha shubiri moja. Ndani ya nusu pipa ulifika futi kumi na tatu. Kila chombo alikipaka mstari mwekundu upande wa magharibi, ili kisigeuzwe, kwa sababu ngozi ya mti iliyozoea jua kali ni ile ya upande huo tu.

Oktoba 2012 figo zilimlemea, akalazwa Eldoret, Atabo akiwa naye. Mimi niliachiwa ua wa nyumba niutunze. Mwezi Desemba walimu wenzangu walikuja kutuombea, nami niliona aibu kwa mapipa yale yenye kutu na rangi. Niliwaita wanaume wanne, tukayageuza yote, mistari ikatazama ukuta. Baada ya siku chache ngozi ya mti ule ikawa ya manjano. Nilidhani ni kiu, nikaumwagilia kila jioni. Ukaoza shinani, ukaanguka.

Kaka Nestor aliponiuliza kwa simu habari za mti, nilisema ni mbuzi wa jirani yetu, Mama Akeno. Nikamwendea Akeno mwenyewe kwa ukali.

"Ejok, mwalimu," alinisalimu kwa Kiturkana. "Mbuzi yangu? Hii imefungwa kamba tangu Jumanne."

"Basi ilikata kamba," nilimjibu, mbele ya watu.

Akeno alikuwa akinywa chai na kaka kila jioni kwa miaka kumi na minane. Hakuingia tena. Kaka aliporudi Januari, alikunywa chai yake peke yake, nami nikimmiminia.

Mama Akeno, najua umesimama pale nyuma. Hakuwa mbuzi wako. Nilikusingizia, na nilikunyima rafiki katika miezi yake ya mwisho. Nisamehe.

Marehemu alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Juni 2013, saa nne asubuhi. Amemwacha mjane Atabo, binti Natasha, ndugu wanne, na rafiki Akeno. Mungu ampokee, ampe pumziko jema.

Ijumaa iliyotangulia, nilipomwinua anywe maji, alinishika mkono. Haya ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na nimeyatii leo tu:

"Mdogo wangu, mbuzi haugusi mti ule, maziwa yake yanamchoma mdomo. Miezi sita nakungoja useme mwenyewe. Nenda kwa Akeno."