Majani ya Mama Cadette Hayajarudi

Wasikilizaji wapendwa wa Kasongo na Kabambare, na ninyi wa Nyangwe mnaotusikiliza mkitengeneza nyavu, leo tukae kidogo na Mama Cadette Mwamini. Alizikwa Jumanne. Aliuza lengalenga, mchicha wetu huu, katika soko la Kasongo miaka ishirini na mitatu. Ndiyo, ishirini na mitatu.

Mnamkumbuka akitokea kwenye ukungu wa kijito, beseni kichwani, maji yakimdondokea mabegani. Majani yake yaling'aa. Hayakuwa na tundu hata moja. Jioni alipiga dawa, asubuhi akachuma. Dawa yenyewe ilikuja katika chupa ya soda isiyo na karatasi. Muuzaji hakumweleza kitu, maana naye hakuelezwa kitu. Sote tuliiita dawa. Nani anaogopa dawa?

Siku moja mumewe, Baba Yakubu, alirudi kutoka machimbo ya Lusangi akakuta bustani mbili. Moja kubwa, kando ya kijito, inang'aa. Nyingine ndogo, nyuma ya nyumba, imetobolewa na viwavi. Akauliza hii ndogo ni ya nani.

"Ni ya kwetu," Mama Cadette akajibu.

"Na ile kubwa?"

"Ile ni ya watu."

Yakubu akavua viatu polepole. "Mama Francine, na siye tuko nini?"

Binti yao Francine anasema mama yake hakula siku ile. Alisimama katikati ya bustani kubwa mpaka kivuli chake kikahama upande.

Wiki ileile wakapita watu wa mradi. Sisi hatusahau: Machi 2021, mvua ya siku ile imetoka kukata. Walisema wanapima dawa inayobaki kwenye majani, na kile inachoweza kumfanyia anayekula kila siku. Mama Cadette hakuwaficha. Akawaambia alipiga jana. Wakachuma fungu moja, wakalitia katika sanduku la bluu lenye barafu, wakaahidi jibu baada ya miezi mitatu.

Walipoondoka, akang'oa bustani kubwa yote. Akapanda upya, bila dawa.

Sokoni wakamcheka. "Mama Cadette, leo unauza majani ao matundu?"

"Kiwavi ameonja mbele yenu," akawajibu. "Na iko muzima."

Lakini moyoni alitaka jambo moja tu: kujua kama aliwadhuru waliokula kwake miaka yote ile. Miezi mitatu ikapita. Mwaka ukapita. Akaanza kuyaota majani yake. Yalivuka mto Lualaba ndani ya sanduku la bluu, bado mabichi, yanapumua. Katika ndoto nyingine yalifika mjini Kindu. Katika nyingine yalikuwa katika mji mweupe usio na jina, yamelala juu ya meza, na watu wenye glavu wanayainamia. Asubuhi aliwasimulia wateja yalikofika, kama mtu anayesimulia habari za mtoto aliye safarini.

Miaka, wasikilizaji. Miaka! Sanduku lilipata gari. Jibu halikupata hata baiskeli.

Ugonjwa ulimchukua wiki mbili. Hatusemi dawa ndiyo iliyomuua. Hatujui. Hakuna aliyempima, na hilo ndilo linalotuchoma.

Francine anasema siku ya mwisho mama yake alifumbua macho akauliza, "Majani yamerudi?"

"Bado, mama."

"Basi nyinyi muendelee kuuliza."

Pole, Baba Yakubu. Pole, Francine, na ukoo wote. Tunalia pamoja nanyi. Juzi tulifika kwenu kutoa pole, tukaona mmelima ule ukanda uliotenganisha bustani zile mbili. Nyuma ya nyumba hadi kijitoni, bustani ni moja sasa.

Nawe msikilizaji, kesho ukiinama juu ya beseni sokoni, usiulize bei kwanza. Mtazame muuzaji usoni, umuulize kwa upole: dawa ilipigwa siku gani? Kisha umuulize swali la bustani mbili za Mama Cadette.

Hii, weye kwako unakulaka?