Kiti cha Kusubiri cha Bi Milimita

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Milimita atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kuchora karibu kila kitu kilichopita kwenye mitambo ya kiwanda chetu cha uchapaji. Kadi za harusi, kalenda, vibandiko vya chupa, mabango ya wafuga kuku, vyote vilianzia mezani kwake. Mimi ni fundi wa mtambo mkubwa, jirani yake ukuta kwa ukuta, na nimeombwa niandike kwa sababu, wanasema, ndimi niliyegombana naye zaidi. Sikatai.

Hilo jina nilimpa mimi, tena kwa hasira. Mwezi wake wa kwanza alinisimamishia mtambo, kazi iko katikati, eti picha imeshuka milimita moja. Nikamwambia hakuna binadamu atakayeona. Akatoa rula mfukoni, akaiweka juu ya karatasi, akaniachia nisome mwenyewe. Nilisoma. Kuanzia siku hiyo kiwanda kizima kikamwita Bi Milimita, na siku hizi hata wajukuu zake wanamwita hivyo.

Ila leo sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kosa kubwa kuliko yote katika nyumba hii alilifanya yeye. Wiki yake ya kwanza, mzee mwenye kiwanda alimwomba achore kibao cha mlangoni, naye kwa hamu ya kumfurahisha mzee akaongeza maneno mawili ya kwake, kwa herufi nyekundu: TUNACHORA UKISUBIRI. Mzee akayapenda mno, hakukubali yafutwe mpaka anastaafu. Basi watu wakaja kusubiri. Waliingia mguu mmoja ndani, mwingine bado nje, gari linanguruma, wakitaka nembo ya kampuni kabla injini haijapoa. Mmoja alitaka rangi zote zitumike, maana si zimo tu humo kwenye kompyuta. Mwingine aliomba jina lake likuzwe, likuzwe tena, mpaka bidhaa anayoiuza ikakosa pa kukaa. Na miaka ya karibuni, kila wiki bila kukosa, alikuja mtu wa kutuambia kwamba mpwa wake angeifanya kazi hiyo kwa simu akiwa amelala kitandani.

Bi Milimita hakugombana nao. Ugomvi aliniwekea mimi. Alichofanya ni kuleta kiti cha mbao, chenye mguu mmoja mfupi uliowekewa karatasi iliyokunjwa, akakiweka kando ya meza yake. Kila aliyesema ni kazi ya dakika tano alikaribishwa kwa heshima zote aketi asubiri, kama kibao kinavyosema. Kisha maswali yakaanza. Nani atalisoma bango hili? Atalisoma akiwa amesimama au anatembea? Ana miwani? Kila jaribio alilibana kwenye kamba ukutani, na mteja akaliona likikataliwa na yule yule aliyelichora. Fundi cherehani mmoja aliingia akisema herufi ni herufi tu. Alitoka baada ya muda wa saa nne, amehesabu majaribio kumi na saba. Wiki iliyofuata alirudi na mto wa kukalia alioushona mwenyewe, wenye mishono midogo iliyonyooka kabisa, akauweka juu ya kile kiti na kwenda zake. Mto huo upo mpaka leo.

Sasa nieleze kilichotuweka roho juu mwaka huu. Mzee alipopumzika, kiwanda kilishikwa na binti yake, ambaye ndiye Bosi wetu, na tunamheshimu. Mwanzoni mwa mwaka alitangaza kwamba Bi Milimita akistaafu, chumba cha michoro kitakuwa stoo ya karatasi. Wateja watakuja na michoro yao tayari, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu, na msaidizi wa Bi Milimita, mama wa mapacha ambaye amefundishwa chumbani humo miaka tisa, atahamia kaunta kupokea simu. Bi Milimita alistahili kupumzika miaka miwili iliyopita. Mgongo unamuuma, na dada yake amemwandalia chumba chenye dirisha kubwa. Aliahirisha mara mbili kwa kuhofia hatima ya chumba cha michoro tu, na mara ya tatu sheria haikumruhusu. Akaacha kuimba akifanya kazi. Mimi niliyelalamikia kuimba kwake miaka yote hiyo, ukimya ule ulinitesa.

Ukombozi umetoka kwenye kijitabu hiki cha kumuaga ulichokishika. Bosi alisema jalada lake atalitengeneza mwenyewe, asimsumbue mtu, kwani ni kazi ya dakika tano. Siku ya kwanza aliniletea karatasi ambayo uso wa Bi Milimita umepanuka kama sinia. Siku ya pili uso ulikuwa sawa, ila tarehe ilikuwa imezama kwenye maua. Nilichapa kila nilicholetewa, na nakiri niliona raha. Siku ya tatu asubuhi alikuja na jaribio la kumi na moja, akalitazama likitoka mtamboni, akalikunja. Halafu akazikusanya zote kumi na moja kwapani, akaingia chumba cha michoro na kuketi kwenye kile kiti. Hakukaribishwa na mtu. Alisema tu kwamba amekuja kusubiri.

Bi Milimita alimuuliza kama anavyowauliza wote: msomaji aone nini kwanza? Bosi aliziweka karatasi zake sakafuni. Kisha akasema angependa waone mikono, kwa sababu alipokuwa mtoto, akitoka shule, alikaa sakafuni humo humo akiitazama mikono hiyo ikifanya kazi. Ndiyo maana jaladani kuna mikono miwili na rula, na hakuna ua hata moja. Msaidizi ndiye aliyechora. Bi Milimita alikataa kuchora kuaga kwake mwenyewe, akaikalia mikono yake ili isiingilie. Bosi hakuondoka mpaka alasiri, simu zikiita bila kupokelewa. Alipotoka alinijia moja kwa moja, akaniambia karatasi zitafutiwe mahali pengine. Chumba kinabaki, na mkuu wake ni mama wa mapacha. Niliitikia vizuri kiume, nikaenda nyuma ya mtambo nikafuta macho kwa kitambaa cha wino. Nilirudi nyumbani na uso wa bluu, na mke wangu akaniletea sabuni.

Jumanne iliyopita kile kibao cha mlangoni kiling'olewa. Bosi aliagiza kingine, na safari hii Bi Milimita ndiye aliyeketi kwenye kiti, juu ya mto wa fundi cherehani, akisubiri msaidizi wake amalize. Alisubiri asubuhi nzima, hakuuliza hata mara moja kama bado. Kinasomeka: WASANIFU MICHORO. KARIBU UKETI. Kilipotundikwa, alirudi nyuma hatua tatu kama kawaida yake, akakitazama. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, na nilijua kimepanda kidogo upande wa kulia. Mkono wake ukaingia mfukoni, kwenye rula. Ukatoka mtupu. Akasema kiko sawa, akachukua mkoba wake, akaondoka akiimba.

Bi Milimita, asante kwa kila mtambo ulionisimamishia. Kalale hadi jua liingie kwenye lile dirisha kubwa, mgongo upone, wajukuu wakuchoshe. Siku ukipita huku, kiti kipo. Kibao nitakinyoosha mwenyewe, usihangaike.