Marsaili na Zumari ya Baba Yake

Marsaili MacAskill alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 huko Stoneybridge, kisiwani Uist Kusini, Uskoti, mtoto wa pili wa Calum, mpiga zumari ya mfuko, na mkewe Peigi. Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1964. Jioni baba yake aliwafundisha wavulana zumari jikoni. Marsaili aliwachemshia chai, akasikiliza.

Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Mtoto akikataa supu, aliketi kando yake mpaka bakuli likaisha. Tarehe 20 Julai 1972 alifunga ndoa na Ruairidh, mfugaji wa kondoo, wakajaliwa mabinti wawili.

Novemba 2013 Ruairidh aliugua moyo, na daktari akazungumzia miezi, si miaka. Kwetu maiti hupelekwa makaburini nyuma ya zumari, na vidole vya mzee Lachlann, mpigaji wetu wa mwisho, vilikuwa vimekakamaa. Marsaili alishikwa na hofu kwamba mumewe atazikwa kimya. Akiwa na miaka sitini na minne, alitoa zumari ya baba yake kabatini.

Anayeanza hushika filimbi ya mazoezi mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa mfuko. Yeye mwaka hakuwa nao. Alipuliza mpaka akaona giza, ikatoka sauti ya kondoo aliyenaswa kwenye waya. Aliamini kifua chake ndicho kibovu. Kumbe, kwa kumheshimu baba yake, alikuwa ameuacha ndani ulimi wa mwanzi unaotoa mlio, uleule aliokuwa akiupuliza mzee, mgumu kama kucha, wala hakuthubutu kuugusa.

“Mke wangu, mimi sijafa bado,” Ruairidh alimwambia kutoka kitandani. “Ukiendelea hivyo utanitangulia.”

Marsaili alicheka naye, kisha akahamia zizini na kufunga mlango.

Februari, Lachlann alisimama nje ya zizi hilo akasikiliza, halafu akaingia.

“Dada, huo ulimi ni wa kifua cha marehemu mzee wako. Utoe.”

Marsaili aliutoa. Lachlann alimwekea mwepesi, akaziba matundu ya ngozi ya mfuko, akazungushia uzi viungo vilivyovuja, na kati ya mabomba matatu ya mvumo, yanayovuma chini ya wimbo, akafunga mawili ili pumzi itoshe. Aprili, wimbo mmoja ulitoka mzima. Ruairidh aliomba aurudie.

Ruairidh alifariki tarehe 9 Juni 2014. Njiani kwenda makaburini Hallan, Marsaili akiwa mbele, mfuko ulimlegea na mlio ukakatika. Wabebaji walisimama, jeneza likiwa mabegani, wakamngoja. Alifuta midomo, akapuliza, akaupiga mfuko kofi. Uliposhika, wakaendelea.

Tangu siku hiyo aliwasindikiza majirani kumi na saba, na kila mara hakulala usiku wa kuamkia mazishi.

Januari 2023 aliugua mapafu. Alifariki nyumbani tarehe 14 Oktoba 2023, alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne.

Ameacha mabinti wawili, Catriona na Seonag, wajukuu watatu, na kaka yake Iain.

Leo atakayetangulia jeneza ni Seonag. Ana miezi minne tu ya mazoezi, na tangu juzi hajala. Wabebaji wanaombwa, mlio ukikatika, wasimame wamngoje.

Alale salama mama yetu.