Mwalimu Chaki na Masomo Aliyoyafungia

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala. Alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza ni dada yake, ambaye ndiye aliyeandika maneno haya kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyemsaidia. Mama yao alikuwa akisema kwamba wengine huzaliwa na baka mgongoni, huyu alizaliwa na wivu. Mdogo wao wa mwisho alipozaliwa, marehemu alimtazama kitandani muda mrefu, kisha akamwuliza mama, "Huyu anaondoka lini?"

Shule nayo aliianza kwa wivu. Dada yake alikuwa darasa la tatu, ana sare na daftari. Asubuhi moja marehemu, umri haujatimia, alimfuata nyuma nyuma mpaka darasani akakaa sakafuni karibu na mlango. Mwalimu alipomwuliza anataka nini, alijibu, "Nataka anachopewa yule." Akaachwa akae. Kujumlisha na kutoa alifundishwa na dada yake jikoni, kwa kokoto, na hili linaandikwa hapa kwa sababu wapo wenye usahaulifu. Dada aliishia darasa la saba, si kwa kushindwa. Wazazi walikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja. Marehemu alimaliza sekondari mwaka 1976, akaingia chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1978 katika somo la hesabu.

Januari 1979 alianza kufundisha katika shule ya sekondari ambayo hakuihama hadi kustaafu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Chaki, kwa kuwa alirudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi viatu, utadhani ametoka kusaga unga.

Alifunga ndoa tarehe 6 Aprili 1985 na fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mkabala na shule. Alikuwa amemtamani kimya kimya, hadi alipogundua kwamba mwoka mikate wa mtaa ule anapeleka nguo pale kila wiki. Tangu siku hiyo marehemu akawa anachanika suruali. Fundi akazishona, akazishona, mwisho akamwambia, "Mwalimu, hii imekatwa kwa mkasi. Sema unachotaka, kitambaa kimekwisha." Wakajaliwa watoto watatu.

Kazini hakuwa na mpinzani kwa miaka mingi. Mwaka 2013 akahamia mwalimu mwingine wa hesabu, kijana ambaye kola za mashati yake zilipigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Ndiye Mwalimu Kola, aliyeketi hapa mbele.

Wakati huo intaneti ya mji wetu ilikuwa ya kusuasua. Ungeanza kuvuta video ya somo asubuhi, ukaenda sokoni, ukarudi ukakuta imekatika. Fundi wa kompyuta, binti aliyesoma hapo hapo shuleni, akaziunganisha kompyuta za shule, za maktaba na za majumbani kwa antena ndogo juu ya mapaa. Video ya somo ikagawanywa vipande. Huyu anapata kipande hiki, yule anapata kile, kisha wanapeana wenyewe kwa wenyewe mpaka kila mmoja anakuwa nayo nzima, bila kuisumbua intaneti ya nje. Watu wakauita mtandao wa majirani. Skrini ilionyesha pia kila somo limeshikwa na watu wangapi, na hapo ndipo marehemu alipokosa usingizi.

Mwalimu Kola alirekodi masomo yake, yakaenea mji mzima. Marehemu akasema, "Huyu anafundisha hesabu au anatangaza mafuta ya nywele?" Lakini darasani wakaanza kumwambia, "Mwalimu, mbona Mwalimu Kola ana njia fupi?" Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo akafanya jambo ambalo familia imekubali lisemwe. Kila somo la Mwalimu Kola alilivuta likawa zima kwenye kompyuta yake, akalifungia. Aliipanga ipokee tu, isimpe mtu hata kipande, na jina lake lisionekane. Jioni alikaa sebuleni akiyatazama, kalamu nyekundu mkononi.

"Umeliona kosa?" mkewe alimwuliza.

"Bado. Lipo."

Oktoba 2015, mtihani wa kidato cha nne ukiwa umekaribia, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo na kuunguza kompyuta ya Mwalimu Kola pamoja na masomo yake. Wengine walikuwa wamefuta ya kwao ili kupata nafasi, kila mmoja akidhani mwenzake anayo. Somo la milinganyo likakwama mji mzima. Vipande vilikuwepo huku na kule, lakini hakuna aliyeonekana kuwa nalo zima. Kati ya waliokwama alikuwa binti wa marehemu, kitindamimba, aliyekuwa mtahiniwa.

"Baba, ya Mwalimu Kola imegoma."

"Njoo nikufundishe mimi."

"Umeshanifundisha, baba. Sikuelewa."

Marehemu alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Alitaka kumwekea binti somo lile kwenye flashi, iwe siri yao. Mkewe akasimamisha cherehani.

"Na wenzake?"

"Nikifungua, jina langu litatokea kwa kila mtu. Watanicheka."

"Wacheke. Nilikuvumilia ulipokuwa unachana suruali. Kuwanyima watoto wa watu sitakuvumilia."

Alikaa kwenye kiti, mkono juu ya kompyuta, kama mtu anayengoja kung'olewa jino. Kisha akafungua, si somo lile tu, bali yote. Kufikia asubuhi vipande vilikuwa vimefika kila nyumba, na kwenye kila skrini palikuwa pameandikwa kwamba mwenye masomo yote ya Mwalimu Kola, kamili, ni Mwalimu Chaki.

Chumba cha walimu kilicheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu Kola akamwambia, "Kumbe mwanafunzi wangu wa kwanza ni wewe, mzee wangu!"

"Nilikuwa nasahihisha."

"Nimepata ngapi?"

Marehemu alifuta miwani, akaivaa tena. "Yote," akasema. Waliokuwepo wanasema neno hilo lilimtoka kwa shida kuliko kiapo cha ndoa.

Wiki ileile alitundika shuka ukutani akaanza kurekodi masomo yake mwenyewe. Alistaafu mwaka 2017, lakini kurekodi hakustaafu. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alitazama kwenye skrini masomo ya nani yameshikwa na watu wengi zaidi, yake au ya Mwalimu Kola.

Juni 2023 moyo wake ulianza kumsumbua. Mwalimu Kola alikuja kumwona kila Jumapili, na kila mara marehemu alimwuliza, "Leo nani yuko mbele?"

"Mimi, mzee wangu."

"Niletee kamera," angesema, naye angejiinua kitandani arekodi. Siku moja mke alimvuta Mwalimu Kola ukumbini.

"Shemeji, mwambie hata mara moja kwamba amekupita. Afurahi."

"Alishanipita tangu mwaka jana," Mwalimu Kola akasema. "Nikimwambia, atajiinua kwa ajili ya nini?"

Jumapili ya mwisho, mgeni alipoondoka, mke alishindwa kuvumilia. "Baba watoto, yule anakudanganya. Wewe ndiye uko mbele."

"Najua. Natazama kwenye simu ukienda jikoni."

"Sasa mbona unamwacha aseme?"

"Mwache, maskini," marehemu akasema. "Anaona wivu." Akacheka kwa furaha, taratibu, kwa kadiri pumzi ilivyomruhusu.

Alifariki Jumamosi iliyofuata, tarehe 9 Machi 2024, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake, dada yake mkubwa, na Mwalimu Kola. Mungu amlaze kwa amani, na kama huko kuna mahali pa mbele, ampe.