Foleni ya Mabeseni Mlangoni kwa Valentini

Baba Paroko, wazee wetu wa Kivinje, ndugu mliotoka Kitomanga, nanyi akina mama wa samaki, shikamooni, mimi ni Monika, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, nami nitayasoma yalivyo, matamu na machungu.

Marehemu Valentini Jerome Namkoko alizaliwa Kitomanga tarehe 14 Februari 1962, mtoto wa kwanza wa mzee Jerome na mama Bertha, wakulima, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akapelekwa kwa shangazi yetu Rasbura, mjini Lindi, akajifunza ufundi wa injini.

Mwaka 1981 aliajiriwa hapa Kilwa Kivinje kwenye mtambo wa barafu, uliokuwa ukiendeshwa kwa injini ya dizeli, na mwaka 1998 mwenye mtambo alipozeeka akamwachia aununue kidogokidogo, na tangu hapo kelele ya injini ile ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamkia, hata kwa wale waliolalamikia moshi wake.

Alifunga ndoa na Helena tarehe 20 Septemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Edwin aliye Mwanza na Mary aliye Mbeya. Helena alikuwa mkaanga samaki, na kama mjuavyo, hapa kwetu beseni humpangia mtu foleni, basi kila jioni beseni lake la buluu lilikuwa la kwanza mlangoni pa mtambo, na nyuma yake yenu yakafika hadi barabarani. Helena alifariki tarehe 3 Mei 2016, lakini kaka aliendelea kuliweka beseni lile mahali pake, na hakuna aliyethubutu kulisogeza.

Mwaka 2021 ulikuja mfuko wa kusaidia viwanda vidogo viachane na dizeli na kuni katika kugandisha na kukausha, ruzuku ikilipa nusu ya mtambo wa umeme wa jua na mwenye kiwanda nusu, kwa sharti kwamba injini ya zamani isitumike tena. Hapo ndipo kaka alipokosea, maana sisi tumelelewa na baba aliyetufundisha kufyeka shamba kwanza, mbegu baadaye, naye akaifungua injini, akaiuza chuma chakavu ili nusu yake itimie, kabla fedha ya mfuko haijatoka. Haikutoka mwaka ule, wala uliofuata, na kila alipouliza aliambiwa avute subira.

Niseme wazi, na wa kukasirika akasirike, samaki wenu walioza, mkaumia, na hasira yenu ilikuwa ya haki, lakini kumnyima mtu salamu muda wote ule ni adhabu kubwa mno. Alikula peke yake, akazungumza na redio, akaniambia kwenye simu kwamba siku hizi hata mbwa wa jirani haoni sababu ya kumbwekea.

Paneli zilifika Februari 2024, mtambo ukagandisha barafu nzuri bila moshi wala kelele, ila ninyi mlishazoea ya lori kutoka Lindi, ikawa kila siku anagandisha, kila siku inayeyukia mtaroni, na mlangoni limebaki beseni moja tu. Nilimsihi ahamie kwangu Kitomanga, akasema akiondoka, wakirudi watamkuta nani.

Shinikizo la damu lilimwanza Machi 2025, figo zikafuata, akalazwa mara mbili, akaomba kurudi nyumbani, na alfajiri ya Jumatano tarehe 9 Julai 2025 jirani yake Zakia, alipompelekea uji, akamkuta ameshatutoka.

Watoto walikuwa mbali, ikabidi mwili uwasubiri, nami nikatoka kwenda mtamboni kuchukua barafu, nikayakuta mabeseni, hakuna aliyewaita, yamepangwa nyuma ya la Helena hadi barabarani, mkaingia mmoja mmoja, mkabeba barafu yake mwenyewe, mkampelekea. Nililia kwa shukrani, na kwa uchungu pia, kwa kuwa mlichelewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Zakia na majirani wote, mafundi aliofanya nao kazi, na ninyi akina mama, Mungu awalipe.

Kaka Valentini, foleni imerudi mlangoni kwako, na beseni la Helena bado ni la kwanza, sasa pumzika kwa amani.