Corentine Stéphan na Kofia Yake ya Lesi

Ndugu waombolezaji, mama yetu, Corentine Stéphan, alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 kijijini Lesconil, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Guénolé na Mama Marjann, akasoma shule ya hapohapo hadi mwaka 1936, akichapwa kila alipoteleza akaongea Kibretoni, lugha ya kwetu aliyoinyonya kwa mama yake, kwani shuleni ilikatazwa.

Mwaka 1937 aliajiriwa katika kiwanda cha dagaa, tarehe 6 Mei 1946 akafunga ndoa na marehemu Jakez Draoulec, seremala, wakatupata sisi mabinti wawili, Soizic na Naïg, na miaka yote hiyo hakuvuka kizingiti bila kofia yake ya lesi, ile ndefu iliyosimama wima, vazi la asili la wanawake wa kwetu, aliyoifuma mwenyewe na kuishikiza kila asubuhi juu ya nywele alizozisokota utosini.

Mwaka 2008 alivunjika nyonga, akapelekwa nyumba ya kutunzia wazee, na huko, bila kumuuliza yeye wala sisi, wakamkata nywele, ati zinawachelewesha kumwogesha. Mwanamke ambaye kichwa chake wazi alikijua mumewe tu! Ule ulikuwa uonevu, na tunausema mbele ya jeneza lake. Mwezi uliofuata mkurugenzi akaja na mpiga picha, bila haya, akamwambia, "Bibi, hebu vaa ile kofia yako nzuri, tupate picha ya tangazo." Mama akamtazama, akamjibu, "Niibandike kwa gundi? Kaivae wewe, mwanangu, nywele unazo."

Wiki hiyohiyo Naïg alimrudisha nyumbani. Nywele ziliota taratibu, nyeupe, na tulipomshauri ajifunge kitambaa alitufokea, "Kwani naumwa kichwa?" Pasaka ya mwaka 2011 aliingia kanisani Plomeur kofia imesimama, watu wote wakageuka, padri akasahau alipofika katika misa, naye akaenda kuketi mbele kabisa.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2012, akafariki nyumbani tarehe 9 Februari 2013, mikononi mwa Soizic.

Tunamshukuru daktari aliyetufikia kwa miguu kwenye theluji, majirani waliotuletea supu na kuni, na wenzake wawili wa kiwandani waliosalia, ambao leo asubuhi wamemvalisha kofia yake. Nyumba ile ya wazee imeleta shada la maua, utepe wake umechorwa kofia ya lesi, tumelirudisha.

Pumzika kwa amani, mama, umevaa ulivyotaka.